Kibali kwanza, antena baadaye: kupima usalama wa Wi-Fi milimani Mgeta

Anayekwenda Mgeta kutoka Morogoro mjini hufuata barabara ya Iringa, huiacha Sangasanga jirani na Chuo Kikuu cha Mzumbe, hupita Mlali, kisha gari huanza kupanda. Huko juu, katika kata za Langali, Nyandira, Tchenzema, Kikeo na Bunduki za Wilaya ya Mvomero, nyumba zimeshikamana na migongo ya milima. Ukisimama kwenye shamba lako la kabichi unaliona bati la jirani ng'ambo ya bonde, hata nguo alizoanika unaweza kuzihesabu, lakini kumfikia ni kuteremka hadi mtoni na kupanda upya, na asubuhi imekwisha.

Mawimbi ya redio hayateremki mtoni. Wi-Fi hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na 5, ambayo hudhoofishwa na kuta za matofali, majani mabichi na mgongo wa mlima. Katika hewa tupu ya bonde hakuna cha kuyazuia. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli, mtaalamu wa mitandao wa Venezuela, aliunganisha vilele viwili vya milima ya nchi hiyo vilivyoachana kwa kilomita 382, akitumia ruta za kawaida za Wi-Fi, programu iliyorekebishwa na madishi makubwa. Hiyo ni karibu mara mbili ya safari ya barabara kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam. Basi mwenye ruta Nyandira anayejipa moyo kwamba hakuna wa kuingia kwenye mtandao wake kwa kuwa jirani yuko mbali, anapima umbali kwa miguu. Mwenye antena ya kuelekeza upande mmoja anaupima kwa macho.

Mlimani, kwa redio, ni mahali pa wazi. Ndiyo maana minara ya mawasiliano ilipelekwa hadi kilele cha Bondwa, juu ya mji wa Morogoro, na ndiyo maana kupima usalama wa Wi-Fi kunawahusu watu wa Mgeta kuliko wanavyodhani wataalamu wa mjini, waliozoea kuiona kazi hii kuwa ya benki na kampuni za simu.

Kuna nini cha kulinda huko? Karoti na njegere hazidukuliwi. Lakini tuchukue steshenari ya kubuni, kama zile zilizo karibu na shule au soko lolote la vijijini: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kudurufu, ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo hafanyi maombi hayo kwa simu ya kitochi, anakwenda hapo. Anaacha namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, namba ya mtihani, picha, sahihi ya mzazi, taarifa za mdhamini. Mkulima anakuja kuchapisha hati ya mauziano ya shamba. Mwalimu anaingiza matokeo. Nyaraka hizo hubaki kwenye folda iliyoandikwa "Wateja" miezi na miezi, na mara nyingi folda hiyo imeachwa wazi kwa kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao huohuo, ili kazi iende haraka kutoka mashine hii kwenda ile. Halafu neno la siri la Wi-Fi limebandikwa ukutani, maana wateja wanaosubiri wanapenda kupunguza gharama ya bando.

Aliyeingia kwenye Wi-Fi hiyo hajaiba intaneti tu. Ameingia ndani ya kaunta.

Vifaa vinavyotumiwa na mpimaji wa usalama ni vilevile vinavyotumiwa na mwizi, na karibu vyote ni vya bure. Vingi vimekusanywa kwenye Kali Linux, mfumo uliotolewa mwaka 2013 kurithi mwingine ulioitwa BackTrack, na mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato ya wastani anaweza kuupakua. Kinachokosekana mara nyingi ni kadi ya Wi-Fi inayokubali kusikiliza kila kitu kilichoko hewani badala ya mawasiliano yake peke yake. Baadhi ya kadi zinazokuja ndani ya kompyuta haziwezi, hivyo wapimaji huchomeka ya nje yenye antena yake. Kwa miaka mingi kipenzi chao kimekuwa kadi zenye chipu ya Atheros AR9271. Ni za zamani, hazisikii masafa ya gigahezi 5, lakini ni sugu.

Kazi huanza na Kismet, programu iliyoanzishwa na Mike Kershaw. Kismet haitumi chochote. Inakaa kimya, inanusa, inaandika: mtandao gani upo, unatumia chaneli ipi, umefungwa kwa kinga gani, vifaa vingapi vimeunganishwa. Watu wa Morogoro hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa panya wa shirika la APOPO wamekuwa wakifundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini bila kuyalipua. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapa, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku medali ya dhahabu. Panya ananusa, anakwaruza, anaondoka, na kutegua ni kazi ya mwingine. Mpimaji mzuri wa Wi-Fi naye hutumia sehemu kubwa ya siku yake akinusa, na nina shaka na kijana anayefika dukani na kuanza kushambulia kabla hajazunguka nje, juu na chini ya jengo, kuona ishara inafika wapi. Mgeta mzunguko huo ni pamoja na kuvuka bonde.

Wireshark hufuata. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006, na hadi leo ndiyo inayofungua pakiti moja moja za data na kuzionyesha zilivyo. Kwenye mtandao usio na neno la siri inaonyesha mengi ya kutisha, ingawa si mengi kama zamani, kwa kuwa tovuti nyingi sasa hufunga mawasiliano yake zenyewe.

Kisha inakuja sehemu ambayo vijana huipenda: kujaribu neno la siri. Kinga ya kwanza ya Wi-Fi, WEP, ilizaliwa pamoja na Wi-Fi yenyewe mwaka 1997, na kufikia 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walikuwa wameonyesha jinsi inavyovunjika. Ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Ruta nyingi za vijijini ziko kwenye WPA2, ambayo si mbovu. Udhaifu wake ni kwamba simu inapojiunga na ruta, hubadilishana jumbe nne, na anayezinasa jumbe hizo anaweza kuondoka nazo akaenda nyumbani kubahatisha neno la siri kwa utulivu, bila ruta kujua. Aircrack-ng hufanya kazi hiyo kwa kutumia kompyuta ya kawaida; hashcat huifanya kwa kasi kubwa zaidi kwa kutumia kadi za michoro, zile wanazonunua wacheza gemu.

Hapa hesabu inatosha kumtoa mtu jasho. Tanzania yetu ina desturi ya kufanya namba ya simu kuwa neno la siri la Wi-Fi. Namba ina tarakimu kumi, kwa hiyo inaonekana ndefu na ngumu. Lakini tarakimu ya kwanza ni sifuri daima, ya pili ni sita au saba, zikabaki nane za kubahatisha. Namba zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta mpakato inayojaribu maneno 5,000 kwa sekunde itazimaliza kwa saa 11 na dakika chache: unaiwasha jioni ukila ugali, asubuhi jibu lipo. Kadi ya michoro iliyotoka mwaka 2016, inayojaribu kama 400,000 kwa sekunde, itazimaliza kwa dakika zisizozidi tisa. Anayetumia tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, tarakimu nane za siku, mwezi na mwaka, amejificha katika tarehe zisizofika 37,000 kwa karne nzima; ile kompyuta mpakato ya polepole inazipitia kwa sekunde kama saba. Na mwenye duka aliyetumia namba yake ya biashara hahitaji kudukuliwa kabisa, kwani ameiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango.

Maneno nayo yana mambo yake. Duniani wapimaji hutegemea orodha ya rockyou, iliyotokana na kuvuja kwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32 ya kampuni ya Marekani ya RockYou mwishoni mwa 2009. Ukiondoa yanayojirudia yanabaki milioni 14 na zaidi. Orodha hiyo imejaa majina na mapenzi ya Kimarekani. Anayepima Wi-Fi ya Mgeta kwa orodha hiyo peke yake ataandika kwenye ripoti kwamba duka liko salama, kumbe amebahatisha kwa lugha isiyosemwa hapo. Mpimaji wa Kiswahili lazima ajitengenezee yake: yanga1935, simba1936, mungunimwema, jina la duka na mwaka lilipofunguliwa, jina la kijiji na 123 nyuma yake. "Mungu ni mwema" ni herufi kumi na mbili ukiiandika bila nafasi, na kwa fomula za vitabu vya kigeni ni neno la siri zuri. Kwa mtu aliyewahi kupanda daladala na kusoma maandishi ya nyuma, ni la kubahatisha mapema kabisa.

Dawa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua maneno manne yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati, si methali wala mstari wa wimbo, kutoka kamusi yenye maneno 5,000. Ile kadi ya michoro ya dakika tisa itahitaji karibu miaka 50 kuyapitia yote.

Kuna tundu jingine, la kitufe cha WPS, ambacho ruta nyingi za bei nafuu zinacho ili kurahisisha kuunganisha printa. WPS ina namba ya siri ya tarakimu nane, na tarakimu nane zingetosha kumchosha mtu. Mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta hujibu nusu ya kwanza ya namba peke yake na nusu ya pili peke yake, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Kwa hiyo kinachobaki ni majaribio 11,000, si milioni mia. Siku hizohizo programu ya Reaver ikatolewa kuyafanya. Ruta za karibuni hujifunga baada ya majaribio machache yenye makosa, ila mpimaji hapaswi kudhani. Ajaribu, na jibu lolote atakalopata, amshauri mwenye duka aizime.

Jambo moja haliandikwi sana kwenye vitabu vya kazi hii, na milimani ni zito. Ili kuzinasa zile jumbe nne, mpimaji mara nyingi huikata simu ya mteja kutoka kwenye ruta kwa kutuma amri bandia ya kuachana, ili ijiunge upya. Mjini mtu akikatika sekunde tatu hajui. Kwenye steshenari ambayo mtandao wake wenyewe unategemea mnara wa mbali na hali ya mawingu, binti aliyefikia ukurasa wa mwisho wa maombi ya mkopo siku ya mwisho anaweza kupoteza kila kitu. Kupima kufanyike duka likiwa limefungwa. Kifaa cha kukatwa kiwe cha mpimaji mwenyewe, na akitaka kujaribu mtandao bandia wenye jina sawa na la duka, auone yeye na mwenye duka tu.

Mpaka kati ya kupima na kuvamia uliwahi kuonyeshwa na kampuni kubwa kuliko zote ambazo tungezitarajia. Mei 2010 Google ilikiri kwamba magari yake yanayopiga picha za mitaa yalikuwa yamekusanya vipande vya mawasiliano ya watu kutoka Wi-Fi zisizofungwa katika nchi nyingi. Programu iliyokuwa ndani ya magari ilitumia Kismet, ileile ya bure niliyoisifia hapo juu. Mwaka 2012 tume ya mawasiliano ya Marekani iliitoza Google faini ya dola 25,000 kwa kukwamisha uchunguzi, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7 kumaliza shauri na majimbo kadhaa. Kismet haikuvunja kitu. Ilisikiliza palipokuwa wazi, na wenye mitandao hawakuwa wameulizwa.

Sheria yetu imeliweka jambo hilo bila kuzunguka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, katika kifungu cha 4 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwingine kwa makusudi na bila haki. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au mara tatu ya faida uliyopata kama ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kifungu cha 6 kinahusu kunasa mawasiliano. Cha 10 kinagusa vifaa na programu zilizokusudiwa kutenda makosa hayo, na ndicho kinachopaswa kumfanya kijana mwenye Kali kwenye mkoba ajiulize atamwonyesha nini askari. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, inatoza hadi shilingi milioni tano za Kenya au miaka mitatu jela kwa kuingia bila idhini. Hakuna mahali sheria hizi zinasema kwamba nia njema inatosha.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni karatasi. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye duka anakielewa: mtandao upi kwa jina lake, tarehe na saa za kuanza na kumaliza, yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, nani apigiwe simu mambo yakiharibika, data itakayonaswa itakaa wapi na itafutwa lini. Isainiwe na mwenye ruta mwenyewe, si kijana wa kaunta. Kama ruta ni ya shule au zahanati, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi peke yake hatoshi; kuna halmashauri juu yake. Na tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda na kujisajili kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo. Sidhani wenye steshenari wengi wanajua kwamba folda ya "Wateja" imewaingiza kwenye kundi hilo.

Nimeshikilia steshenari kwa kuwa ndiyo iliyopo, ila ruta moja ya dukani si mwisho wa habari. Kondoa, Dodoma, kuna mtandao wa jamii ulioanzishwa kwa juhudi za Dk. Jabhera Matogoro wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ukitumia masafa yaliyoachwa wazi na televisheni kufikisha intaneti shuleni. Kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo, Pamoja Net iliwapa watu Wi-Fi mahali ambapo kampuni za simu hazikuona faida. Mgeta, yenye vijiji vinavyotazamana bonde kwa bonde, ni ardhi iliyoumbiwa mitandao ya namna hiyo: antena moja juu Nyandira, nyingine upande wa pili, sola na betri. Siku ikijengwa, kiungo cha mlima hadi mlima kitabeba mawasiliano ya shule, zahanati na madalali wa mboga kwa pamoja, na ishara yake itamwagika juu ya mabonde yote yaliyo kati. Kuipima kabla ya kuiwasha ni nafuu kuliko kuipima baada ya kilio.

Pamoja na hayo, nisimpe msomaji picha kwamba Wi-Fi ndiyo mlango mkuu wa wezi. Pesa za simu zinazotumwa kwa kubonyeza nyota na reli hupita kwenye mtandao wa simu, hazigusi ruta. Wengi wanaolizwa vijijini hulizwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au na mtu anayepiga akijifanya wa huduma kwa wateja. Hakuna Aircrack inayotibu hilo. Mpimaji anayemwahidi mwenye duka kwamba baada ya siku moja ya antena atakuwa salama, anauza maji ya mto Mgeta kwenye chupa.

Swali la nani atalipa lina jibu karibu. Kampuni ya Dar es Salaam haitapanda mlima kwa ajili ya ruta moja. Lakini Mzumbe, inayofundisha TEHAMA, iko jirani na palepale barabara ya Mgeta inapoiacha ile ya Iringa, na Sokoine iko mjini. Wanafunzi wao huhangaika kila mwaka kutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wawili wawili, chini ya mhadhiri anayesaini kibali kama shahidi, wanaweza kupima steshenari, shule na ofisi za vijiji za tarafa nzima katika likizo moja. Marekebisho mengi hayahitaji fedha: kuzima WPS, kubadili neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ambalo bado ni "admin", kuweka maneno manne badala ya namba ya simu, kufunga ile folda, na kutenga mtandao wa wageni ili wateja wanaosubiri wasikae chumba kimoja na vyeti vya wenzao. Ruta isiyo na mtandao wa wageni ndiyo itakayodai ruta ya pili.

Ripoti iwe ya ukurasa mmoja au miwili, iachwe mikononi mwa mwenye duka, isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wanafunzi warudi baada ya wiki chache kupima tena palepale. Zile jumbe nne na kila kilichonaswa vifutwe kwenye kompyuta zao mbele ya aliyesaini, kabla hawajapanda gari la kurudi Mlali.